Mwenzetu Aliyeficha Vidonge



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuwaletea habari za maji ya kuchemsha, chandarua, chanjo za watoto na lishe ya mama mjamzito. Mwezi huu tunaanza na kaburi. Kaburi hilo liko Kasulo, wilayani Ngara, nyuma ya nyumba, pembeni mwa migomba. Aliyelala humo tulisoma naye kidato cha tano na cha sita. Alifariki mwezi Mei mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 46.

Sisi tuliosoma naye tulikwenda kumzika. Tulibeba jeneza, tukatoa rambirambi, tukala chakula cha msiba, kisha tukapanda gari kurudi makwetu. Tuliambiwa kwamba ameuawa na malaria kali. Tukaitikia kwamba kweli, malaria ni mbaya. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Haikuwa malaria. Mwenzetu alikufa kwa UKIMWI, zaidi ya miaka kumi na minne tangu dawa za kufubaza makali ya virusi zilipoanza kutolewa bure katika hospitali za nchi yetu, mwaka 2004. Dawa ilikuwepo. Ilikuwepo hata katika kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani kwake, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli. Hakwenda kuichukua huko kwa sababu ya kutuogopa sisi.

Habari hizi tulipewa na mjane wake, tena baada ya muda mrefu. Yeye na watoto wake wameturuhusu tuandike kwa sharti moja, kwamba tusitaje jina. Tunalitii sharti hilo. Msomaji akidhani amemtambua, tunamwomba anyamaze amwombee marehemu, kwa maana wenye hadithi kama hii ni wengi.

Alivyokuwa shuleni

Tulikutana mwaka 1992 katika shule ya bweni, sote tukitoka mbali. Yeye alifika na sanduku la bati na mfuko wa karanga za kukaanga, na karanga hizo ziliisha usiku ule ule kwa sababu alizigawa. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, hodari wa baiolojia. Alikuwa na tabia ya kuchemsha maji ya kunywa kwenye kopo nyuma ya jiko la shule, nasi tulimcheka kwa jambo hilo hadi ugonjwa wa kuhara ulipotupitia na yeye akabaki mzima.

Usiku mmoja mmoja wetu alishikwa na malaria, akaanza kuweweseka. Shule haikuwa na gari. Mwenzetu huyu alimwamsha mlinzi, akaazima baiskeli yake, akamfunga mgonjwa kwa shuka kwenye kiti cha nyuma ili asianguke, na wavulana wawili wakamsukuma gizani hadi zahanati. Aliyefungwa kwa shuka usiku ule ni mmoja wa sisi tunaoandika makala hii. Yu hai hadi leo.

Tunaeleza hayo ili msomaji aelewe deni tulilo nalo. Tulipougua alitubeba. Alipougua yeye, hatukumbeba.

Mwaka 1994 pale Kasulo

Tulimaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei 1994. Kila mmoja alirudi kwao. Mwenzetu alipofika Kasulo hakuitambua nchi yake. Wakati sisi tukijiandaa na mitihani, mauaji ya kimbari yalikuwa yakiendelea Rwanda, na tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kumiminika kwa kuvuka daraja la Rusumo. Katika muda wa saa 24 hivi waliingia watu wanaokadiriwa kufikia 250,000. Walikaa kwenye vilima vya Benaco, mahali palipopata jina lake kutokana na kampuni ya ujenzi wa barabara iliyowahi kuweka kambi pale. Vijiji vilivyozoea ng'ombe na mashamba ya mihogo viligeuka kuwa jirani wa mji mkubwa wa hema za plastiki.

Kihangaza, lugha ya nyumbani kwa mwenzetu, kinasikilizana na Kirundi na Kinyarwanda. Kwa hiyo alipata kazi ya ukalimani kwa waganga waliokuwa wakihudumia kambi. Kazi yake ilikuwa kupita kwenye hema kuulizia wagonjwa wa kuhara damu. Alituandikia barua siku zile za barua. Alieleza kwamba familia zilikuwa zikiwaficha wagonjwa wao chini ya mablanketi kwa kuogopa wasitengwe. Alisema aliyefichwa ndiye aliyekufa, na aliyetolewa mapema akapewa maji ya chumvi na sukari na dawa, alipona. Barua hiyo mmoja wetu anayo bado.

Hivyo huyu hakuwa mtu asiyejua. Yeye mwenyewe alikuwa amefundisha wengine kwamba ugonjwa unaofichwa ndio unaoua.

Kambi zile zilifungwa mwishoni mwa mwaka 1996, Wanyarwanda wakarudi kwao. Mwenzetu aliingia katika shughuli za mizigo mpakani. Benaco ni njia panda: barabara moja inakwenda Rusumo na Rwanda, nyingine inakwenda Ngara mjini na kuendelea mpaka Kabanga na Burundi. Malori hulala pale, nyumba za wageni zimejengwa, fedha hupita mikononi, na vijana wako mbali na wake zao. Wenyeji wanajua maisha ya njia panda. Yeye alioa, akapata watoto watatu, akajenga nyumba ya tofali za kuchoma. Namna alivyoambukizwa hatukuiuliza, wala hatuoni kwamba kuiuliza kungemsaidia mtu.

Utani wa mwaka 2012

Mwezi Desemba mwaka 2012 mmoja wetu aliadhimisha miaka kumi na mitano ya ndoa. Tuliosoma pamoja tulikutana, wengine hatukuwa tumeonana tangu 1994. Palikuwa na Misa ya shukrani, pilau, ndizi na pombe ya ndizi. Mwenzetu alifika amekonda kidogo. Mmoja wetu alimpokea mlangoni kwa sauti kubwa: "Bwana, vipi tena, umekanyaga waya?"

Wasomaji wetu wanaujua msemo huo. Watu walikuwa wakiusema sana, na wapo wanaousema bado. Tulicheka wote. Yeye alicheka kutushinda, akampiga mwenye utani begani, akaketi. Baadaye katika maongezi alitajwa mtu mwingine wa huko kwetu aliyekuwa akionekana kliniki, na utani ukaendelea kwa saa nzima: nani ana "ngoma", nani anakula njugu. Hatukuwa na chuki na mtu. Tulikuwa tunafurahi.

Mjane ametueleza kwamba wakati huo mumewe alikuwa na miezi kumi tangu aanze dawa. Kupungua kwake uzito kulikuwa kumeshaanza kurekebika. Aliporudi nyumbani usiku ule hakulala. Alimwambia mkewe maneno ambayo mama huyo hajayasahau, kwamba sasa amejua watamzika namna gani. Tangu siku ile aliamua kwamba katika sisi hakuna hata mmoja atakayejua.

Chupa yenye pamba

Tangu mwanzo alikuwa akichukua dawa katika wilaya nyingine, mahali asipojulikana. Alikuwa akiaga kwamba anafuata biashara. Safari ilikula siku nzima kwenda, usiku mmoja wa nyumba ya wageni, na siku nyingine kurudi. Nyumbani alihamisha vidonge kutoka kwenye kopo lake na kuvitia katika chupa ya vitamini. Kwa kuwa vidonge vililia chupa ilipotikiswa, aliweka pamba ndani ili visilie. Akisafiri na wenzake wa kazi alimeza kidonge chooni.

Pamoja na taabu hiyo yote, dawa zilimfaa. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2017 alikuwa na afya, akafanya kazi, akasomesha. Mkewe, ambaye alipimwa mara nyingi, hakuwa na virusi, na hadi leo hana.

Mwaka 2017 kazi ya mizigo ilimwendea vibaya. Nauli ikawa shida. Alikosa tarehe moja ya kliniki, akaogopa kukaripiwa, akakosa na ya pili. Mkewe alimsihi aende kituo cha karibu. Alikataa kabisa, na sababu yake ndiyo inayotuumiza hadi leo: afisa tabibu mmoja wa kituo hicho alikuwa mwanafunzi mwenzetu, na alikuwepo mezani siku ile ya utani.

Afisa tabibu huyo tumezungumza naye. Ni mtu mwema. Anasema angempokea kama ndugu, angemhudumia, wala neno lisingetoka kinywani mwake, kwa maana kila siku anawahudumia watu wengi na siri zao anazo. Tunamwamini. Lakini mwenzetu angeyajuaje hayo? Alichokisikia kutoka kwake ni kicheko.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 alianza kuumwa kichwa. Kiliuma wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alinunua dawa ya malaria dukani mara tatu bila kupimwa. Alipoanza kutapika na kuona ukungu machoni alipelekwa hospitali. Waganga waligundua homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi, ugonjwa unaowashika hasa watu ambao kinga yao imekwisha. Alikaa siku tatu tu.

Kwa nini tulicheka

Tumejiuliza swali hilo mara nyingi. Sehemu ya jibu ni kwamba sisi ni watoto wa Kagera. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini Tanzania walikuwa wa mkoa wetu, mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage. Wakati ule watu waliuita ugonjwa huo "Juliana", jina la nguo iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda, kwa sababu waliougua mwanzoni wengi walikuwa watu wa biashara hiyo. Upimaji wa mwaka 1987 mjini Bukoba ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na virusi. Wilaya zetu za Ngara na Biharamulo zilikuwa na nafuu kubwa wakati huo, lakini hofu ilifika kabla ya ugonjwa.

Tulikua tukizika. Wajomba, walimu, mafundi. Dawa haikuwepo. Kupata majibu ya damu kulikuwa sawa na kusomewa hukumu. Mtu anayeishi karibu na jambo la kutisha hivyo hutafuta njia ya kulifanya dogo, na utani ndiyo njia rahisi. Tulibuni maneno ya kuchekesha ili tusiseme neno lenyewe.

Ubaya ni kwamba dawa zilipokuja, maneno yale hayakuondoka. Mwaka 2012 kinywa chetu kilikuwa bado kinaishi katika mwaka 1987. Tulimcheka mtu aliyekuwa akipona.

Hata katika miaka ile migumu walikuwepo waliofanya tofauti. Mwimbaji wa Uganda, Philly Lutaaya, alijitokeza hadharani mwaka 1989 akasema anaugua UKIMWI, akazunguka shuleni na makanisani kuwaonya vijana hadi alipofariki mwezi Desemba mwaka huo huo. Hakuwa na kidonge cha kumsaidia, lakini alipata watu wa kumsikiliza. Mwenzetu alikuwa na vidonge na hakuwa na mtu wa kumsikiliza. Dar es Salaam, shirika la WAMATA lilianzishwa mwaka 1989 kwa ajili ya wagonjwa na familia zao, na mwaka 1992 katika Jimbo Kuu la Dar es Salaam ilianza PASADA, ikitokana na watu wenyewe walioishi na virusi. Tarehe 17 Septemba 1987, katika kanisa la Mission Dolores mjini San Francisco, Marekani, Papa Yohane Paulo wa Pili alimkumbatia mbele ya watu wote mtoto mdogo aliyepata UKIMWI kwa kuongezewa damu. Wakati ule wengi waliogopa hata kupeana mkono na mgonjwa.

Dawa zinavyofanya kazi

Sasa tueleze mambo ya afya ambayo kila familia ya parokia inapaswa kuyajua.

Virusi vya UKIMWI hushambulia chembe nyeupe za damu ambazo ni askari wa mwili. Virusi huingia ndani ya askari huyo, hujizalisha humo, kisha humwua. Askari wakipungua sana, magonjwa ambayo mwili wenye nguvu ungeyashinda, kama kifua kikuu na ile homa ya uti wa mgongo ya fangasi, hupata nafasi. Hali hiyo ya mwisho ndiyo huitwa UKIMWI. Mtu anaweza kuwa na virusi kwa miaka mingi bila kufikia hapo, na akimeza dawa vizuri anaweza asifike kabisa.

Dawa haziondoi virusi vyote mwilini. Huvizuia visizaliane. Askari wa mwili hupata nafuu, huongezeka, na mtu huishi miaka mingi, akafanya kazi na kuona wajukuu. Siku hizi wengi humeza kidonge kimoja tu kwa siku, ambacho ndani yake mna dawa tatu. Lakini dawa ikiachwa, virusi huamka ndani ya wiki chache, na kwa kumeza leo na kuacha kesho virusi vinaweza kujenga usugu. Kwa hiyo mwenye kuona nafuu asiseme amepona, na mwenye kukosa tarehe asiseme basi tena. Aliyeacha arudi. Kurudi ni salama kuliko kuendelea kukaa.

Jambo la pili ni kubwa, na wengi hawajalisikia. Mtu anayemeza dawa kila siku hadi kipimo cha wingi wa virusi kikawa hakivioni, hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Ndiyo maana mke wa mwenzetu ni mzima. Vivyo hivyo, mama mjamzito mwenye virusi akianza dawa mapema na kuzimeza sawasawa, hatari ya kumwambukiza mtoto hupungua kabisa hadi kuwa ndogo sana. Hivyo kidonge kile alichokificha mwenzetu kwenye chupa ya vitamini kilikuwa kinamlinda mkewe. Kilistahili kukaa mezani karibu na chumvi.

Jambo la tatu ni kupima. Tangu mwaka 2016 mpango wa nchi yetu ni kwamba kila anayekutwa na virusi aanze dawa bila kusubiri augue. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, kama 4 katika kila 100 walikuwa na virusi, yaani zaidi ya watu milioni moja na nusu. Katika hao, kama 83 katika kila 100 walikuwa wanajua hali yao, na karibu wote waliojua walikuwa wanatumia dawa. Waliobaki, 17 katika kila 100, walikuwa hawajui. Hao wamo mashambani, malorini, madarasani, na kwenye mabenchi ya makanisa yetu.

Tufanye nini katika familia na jumuiya

1. Tuchunge ulimi. Maneno kama "kukanyaga waya" yaishe katika nyumba za Wakristo. Hujui anayecheka pamoja nawe amebeba nini. Watoto nao huokota maneno mezani, na kesho wanamcheka mwanafunzi mwenzao.

2. Anayekuamini kwa siri yake, itunze. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kutoa habari za mtu bila idhini yake na inakataza kumbagua. Mkristo hakuhitaji sheria ili alijue hilo, lakini ni vema kujua kwamba nayo ipo.

3. Mwenye virusi ajue haki yake. Anaweza kuhama kliniki kwa barua ya uhamisho, na anayeendelea vizuri anaweza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja ili asiende kila mwezi. Nauli ikikosekana, aeleze kliniki. Asinyamaze.

4. Amchague mtu mmoja. Kliniki hushauri kila mgonjwa awe na msaidizi wa tiba: mke, mume, kaka, dada au rafiki wa kumkumbusha dawa na kumfuatia anapougua. Mtu mmoja anatosha. Mwenzetu alikuwa na mkewe, lakini mama huyo naye alikuwa peke yake na mzigo wa siri kwa miaka saba.

5. Homa na kichwa vipimwe. Tusinunue dawa ya malaria kwa kukisia. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu kwa dakika chache. Kichwa kinachouma zaidi ya wiki moja, kikohozi cha wiki mbili, kukonda bila sababu, hayo yote yanataka mganga. Mwenye virusi aumwe kichwa hivyo, aende siku hiyo hiyo.

6. Wanandoa wapime pamoja. Wachumba kabla ya ndoa, wenzi katika ndoa, hasa pale ambapo mmoja hufanya kazi mbali na nyumbani. Uaminifu ni kinga, na kusemezana ukweli ni sehemu ya uaminifu. Majibu yakitofautiana, waende wote kwa mshauri, na ndoa yao inaweza kuendelea kwa amani.

7. Wahudumu wa afya tukumbuke kwamba mgonjwa anatusikia hata tusipokuwa kazini. Anachokisikia harusini au kwenye kahawa ndicho kitakachoamua kama atafika dirishani kwetu.

Kumgusa kabla hajasafika

Katika Injili ya Marko, sura ya kwanza, mwenye ukoma anamjia Yesu, anapiga magoti, anaomba atakaswe. Yesu angeweza kusema neno tu akiwa amesimama mbali, kama alivyofanya kwa wengine. Kwa huyu alinyosha mkono akamgusa, wakati bado ana ukoma. Sisi tunafikiri kwamba mkono ule ulikuwa ni sehemu ya dawa.

Mei iliyofuata baada ya mjane kutuambia ukweli, tulirudi Kasulo. Tulikuwa watu tisa. Tulisali Misa parokiani, tukaenda kaburini, tukapalilia majani. Yule aliyetoa utani wa mwaka 2012 alikuwepo. Alimpigia magoti mama yule kuomba msamaha, na sisi wengine tukapiga magoti nyuma yake, kwa maana yeye alisema lakini sisi ndio tuliocheka. Mama alimwinua. Kisha akaingia ndani akatuletea ile chupa ya vitamini, na pamba yake bado imo.

Chupa hiyo ametupa. Afisa tabibu mwenzetu ameiweka mezani kwake kituoni. Wagonjwa wakiuliza ni ya nini, huwaeleza habari ya mtu mmoja, bila jina. Anasema wapo waliohamishia dawa zao kwake baada ya kuisikia.

Ndugu wasomaji, katika mkutano wa jumuiya ndogondogo mwezi huu tunaomba mjiulize maswali matatu. Je, katika jumuiya yetu mtu mwenye virusi angeweza kumeza dawa yake mbele yetu bila hofu? Ni maneno gani tunayosema kwa kucheka, ambayo yanaweza kumzuia jirani asiende kliniki? Ni nani ambaye hatujamwona kwa muda, na ni nani kati yetu atakayekwenda kumtazama wiki hii?

Tumwombee marehemu mwenzetu apumzike kwa amani. Na katika sala hiyo tumtaje kila mmoja kimoyomoyo yule tunayemfahamu, aliye hai, ambaye leo jioni atameza kidonge chake kwa kujificha.